TAA ILE ISIZIMWE KWA HILA

Mtu anunuaye gari katika yadi za Kinondoni au Temeke aghalabu hutazama mambo manne: rangi, injini, matairi na bei. Akiwa mtu wa visiwani huongeza la tano, nalo ni gharama ya kulivusha kwa meli hadi Malindi au Mkoani. Ni wachache mno wanaokumbuka kugeuza ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha injini, na kuitazama taa moja ndogo katika dashibodi, yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua chake. Duara hilo ni mfuko wa hewa, ule ambao mafundi wetu huuita eabegi. Tunaizungumzia taa hiyo leo kwa sababu tumekwisha kuona kwa macho yetu kwamba katika magari yasiyo machache inazimwa kwa hila, na kwamba wanaoizima wanajua vema walitendalo.

Katika gari zima, ufunguo ukigeuzwa taa hiyo huwaka, hukaa sekunde kama 6, kisha huzimika yenyewe. Sekunde hizo si pambo. Ndizo sekunde ambazo kompyuta ya mifuko ya hewa hukagua viungo vyake vyote, kimoja baada ya kingine. Ikiridhika, huizima taa. Isiporidhika, huiacha ikiwaka au ikimeta, na huandika katika kumbukumbu yake sababu ya kutoridhika. Kuna na hali ya tatu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: taa haiwaki kabisa. Mnunuzi asiyejua hufurahi, akadhani gari halina kasoro. Kumbe shahidi amezibwa mdomo.

Inafaa kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Wazo la mfuko wa hewa ni la zamani. Mmarekani John Hetrick alipewa hataza yake mwaka 1953. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla mifuko hiyo haijafungwa katika magari ya kuuzwa, na miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba hapakuwa na mjumbe wa kuaminika wa kupeleka habari ya mgongano kwa haraka inayotakiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Allen Breed alibuni kihisi cha mgongano kilichotumia gololi ndogo, na hapo ndipo jambo lilipoanza kuwezekana. Na haraka yenyewe si mchezo. Tangu gari kugonga hadi mfuko kujaa hupita sehemu 30 hadi 50 tu kati ya sehemu 1,000 za sekunde moja. Jicho halijawahi kupepesa, kazi imekwisha.

Vihisi hivyo, ambavyo gerejini huitwa sensa (wala si ile sensa ya kuhesabu watu), hukaa mbele ya gari nyuma ya bampa, na katika magari mapya hukaa pia katika nguzo za pembeni. Kompyuta yenyewe aghalabu hufungwa sakafuni katikati ya gari, chini ya dashibodi au karibu na mkono wa gia. Baina ya kihisi na kompyuta pana waya mbili nyembamba. Katika magari ya zamani kihisi kilikuwa swichi tu, kikinyamaza mpaka siku ya mgongano. Katika magari ya miaka hii hakinyamazi. Huipelekea kompyuta habari mfululizo, muda wote ufunguo ukiwa wazi, kwamba kipo na kiko salama. Wanachama watatuelewa upesi tukisema kwamba kihisi ni mfano wa mjumbe wa shina. Tawi halingoji nyumba iungue ndipo lijue kama mjumbe yupo; hulijua hilo kwa taarifa zake za kila siku. Taarifa zikikatika, tawi lina haki ya kuuliza: mjumbe amekufa, njia imefungwa, au ni karani wetu wenyewe asiyesikia?

Basi hilo ndilo kosa la mawasiliano ya kihisi, na maswali yake ni hayo hayo matatu. Ama kihisi kimekufa, ama waya au soketi ina hitilafu, ama kompyuta yenyewe imeharibika. Kompyuta haijui ni lipi kati ya hayo. Inajua tu kwamba haisikii. Katika magari mengi, ikifika hapo, hujiondoa kazini kwa sehemu au kwa ukamilifu, kwa kuwa ni heri mfuko usifunguke kuliko kufunguka usoni mwa dereva katika mwendo wa kawaida barabarani. Kwa hiyo dereva mwenye taa inayowaka hana budi kujihesabu kuwa ni dereva asiye na mfuko wa hewa.

Tazameni sasa mazingira ya pwani yetu. Mvua za masika zikishuka, bonde la Msimbazi hujaa, na pale Jangwani maji hukata barabara, kama ilivyotokea Desemba 2011 na mara nyingi baada ya hapo. Madereva hupita humo maji yakifika mlangoni. Maji yakiingia sakafuni hukutana kwanza na soketi za manjano zilizo chini ya viti vya mbele, ambazo ni za mikanda na za mifuko ya pembeni, kisha huifikia kompyuta. Zulia hukaushwa juani na jambo husahauliwa. Baada ya miezi, shaba ndani ya soketi huota kutu ya kijani, na mawasiliano hukatika. Hata asiyepita mafurikoni hasalimiki, maana wako vijana waoshao magari ambao humwaga maji ndani kwa mpira kana kwamba wanaosha ua. Kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ongezeni hewa ya chumvi, ambayo haihitaji mafuriko ili ifanye kazi yake.

Fauka ya hayo iko ajali ndogo. Gari limegongana kidogo katika foleni ya Mwenge au Mbagala, bampa limepasuka, mnyoosha bodi amelitengeneza likapendeza. Lakini kihisi kilichokuwa nyuma ya bampa amekirudisha kwa kukifunga kwa waya, au amekigeuza upande, au amepaka rangi mahali ambapo kilipaswa kushikana na chuma kitupu. Fundi huyo si mwovu. Hakuna aliyemwambia kwamba kile kidude ni kiungo cha uhai, na kwamba alama ya mshale iliyo juu yake ina maana.

Hapo ndipo taa huwaka, na hapo ndipo hila huanza. Dalali anataka kuuza gari kabla ya Ijumaa. Fundi katika gereji bubu huambiwa aiondoe taa, hakuambiwa aondoe kosa. Wengine huchomoa balbu. Wengine hubandika utepe mweusi. Wengine, wenye ujuzi zaidi na kwa hiyo wenye lawama zaidi, hutia rezista ndogo mahali pa mfuko uliokwisha kufunguka, ili kompyuta idanganyike kwamba mfuko upo, kisha hufunika usukani kwa kifuniko kizuri ambacho ndani yake hamna kitu. Watu hawa watatuambia kwamba wanatafuta riziki. Riziki ipo katika kutengeneza, na ujira wake ni wa halali.

Hata sisi tumepatwa. Gari moja tunalotumia katika shughuli zetu lilinunuliwa katika yadi moja ya Kinondoni ambayo hatutaitaja. Taa yake ilikuwa ikiwaka na kuzimika vizuri, nasi tukaamini. Fundi kijana wa Tandika, aliyeitwa kutazama jambo jingine kabisa, alisimama mlangoni akauliza kwa nini taa hii inazimika pamoja na ile ya mafuta ya injini. Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuliona hilo. Aligeuza ufunguo bila kuwasha injini, akatuambia tuhesabu. Tulihesabu 6, tukahesabu 20, taa ikawaka tu. Alipowasha injini, ikazimika. Dashibodi ilipofunguliwa, waya wa taa ya mfuko wa hewa ulionekana umefungwa katika waya wa taa ya mafuta. Tuliendeshwa kwa miezi saba na gari lililokuwa likitudanganya kila asubuhi.

Kosa lenyewe lilikuwa nini? Soketi ya kihisi cha mbele kulia, iliyooza. Kihisi kilikuwa kizima, kompyuta nzima, mifuko mizima. Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo kiini cha maneno yetu: mara nyingi kinachozimiwa taa ni kasoro ambayo fundi mwenye subira angeiondoa kwa siku moja.

Subira hiyo ina taratibu zake. La kwanza ni kusoma kumbukumbu ya kompyuta, na kusoma kwa chombo kinachostahili. Vimashine vya bei ndogo vilivyozagaa mjini vingi husoma injini peke yake. Fundi hukichomeka, kikasema hakuna kosa, mteja akalipa na kwenda zake, ilhali kompyuta ya mifuko ya hewa haikuulizwa neno. Toyota za miaka ya nyuma zina njia nyingine, ambayo mafundi wazoefu huijua: huunganisha ncha mbili katika soketi ya kupimia, na taa yenyewe hupepesa kwa hesabu inayotaja kosa. Namba za magari ya miaka hii huanza kwa herufi. B ni mambo ya bodi, ambamo mifuko ya hewa imo. U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Na namba hiyo, tafadhali, haisemi "nunua sensa mpya". Inasema "simsikii mjumbe wa mbele kulia". Tofauti ya kauli hizo mbili ni fedha nyingi zinazomwagwa bure katika maduka ya spea ya Gerezani.

Baadaye fundi hufuta kosa, na kutazama kama linarudi papo hapo au linakaa siku kadhaa. Likirudi mara moja, njia imekatika. Likija na kuondoka, kuna mahali panapolegea, na hapo hakuna dawa ila kutikisa waya kwa utaratibu huku mtu mwingine akitazama mashine. Apime na betri pia, maana betri dhaifu huifanya kompyuta ilalamike juu ya mengi yasiyo na kosa. Asisahau kupiga honi. Ikiwa honi imekufa siku ile ile taa ilipowaka, tuhuma inahama kutoka mbele ya gari na kwenda katika ule waya bapa uliojiviringisha ndani ya usukani, ambao hubeba habari za honi na za mfuko wa dereva pamoja.

Kabla ya kugusa soketi yoyote ya manjano, waya hasi wa betri hufunguliwa, na fundi hungoja. Toyota hutaka ngojo ya sekunde 90 kwa uchache. Wako watengenezaji wanaotaka dakika 3. Sababu ni kwamba kompyuta hiyo huhifadhi akiba ya umeme ndani yake, ili iweze kufungua mfuko hata kama betri imekatika katika mgongano. Aliye na haraka asiyengoja anaweza kufunguliwa mfuko akiwa ameinamia usukani. Kipimo cha umeme nacho huwekwa katika waya tu, ukiwa umechomolewa pande zote mbili. Hakiwekwi katika mfuko wenyewe hata siku moja, maana umeme mdogo wa kipimo unaweza kuulipua. Mwishowe, pale ambapo vihisi vya kulia na kushoto vina namba moja ya kipuri, fundi huvibadilishana mahali. Kosa likihamia kushoto, kihisi ndicho kibovu. Likibaki kulia, kihisi hakina hatia, na msako unaendelea katika waya na kompyuta.

Asidhani mtu kwamba kutafuta kosa mahali pasipo pake ni udhaifu wa gereji bubu peke yake. Nchini Marekani kampuni ya General Motors iliuza magari ambayo swichi yake ya ufunguo ilikuwa hafifu kiasi cha kujizima barabarani, na ufunguo ukijizima mifuko ya hewa nayo ilikosa umeme. Watu walikufa na mifuko haikufunguka. Kwa miaka kadhaa wahandisi waliikagua mifuko, na kosa lilikuwa katika ufunguo. Baya zaidi, swichi ilirekebishwa kimyakimya mwaka 2006 bila kubadilishwa namba ya kipuri, hata wachunguzi wakachanganyikiwa. Magari yaliitwa kurudishwa mwaka 2014 tu, na mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali vifo 124. Ikiwa hayo yaliwezekana penye maabara na sheria kali, na sisi tujihadhari.

Lipo jambo moja ambalo taa, hata ikiwa nzima, haiwezi kulisema. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilitumia baruti ya amonia naitreti, ambayo huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, kisha mfuko ukifunguka hurusha vipande vya chuma kama risasi. Magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengine, kwa makumi ya milioni duniani, yaliitwa kurudishwa, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Joto na unyevu: je, si hali ya hewa ya Temeke na ya Wete? Gari lililokwisha kuuzwa ng'ambo halifuatwi na barua ya mtengenezaji. Mwenye gari hana budi kuuliza mwenyewe kwa namba ya chesisi, na tungependa kuona ofisi ya Serikali ikimsaidia, kwa kuwa si kila mtu anayeweza kuwasiliana na Japani.

Sasa tuwageukie wanaohusika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa wakati mifuko ya hewa si jambo la kawaida popote, kwa hiyo haishangazi kwamba haikuizungumzia. Kinachoshangaza ni kwamba hadi leo mnunuzi anaweza kuuziwa usukani mtupu na asijue aende wapi kulalamika. Tunaomba mambo yasiyo makubwa. Kila ukaguzi wa gari, uwe wa polisi wa usalama barabarani, wa Shirika la Viwango au wa Taasisi ya Viwango Zanzibar, uwe na jaribio la ufunguo bila kuwasha injini: taa iwake, izimike yenyewe, na mkaguzi aandike alichokiona. Jaribio hilo halimalizi dakika moja na halihitaji chombo. Magari ya abiria ya kukodi, ambayo LATRA huyapa leseni, yaanze. Na kuizima taa hiyo kwa hila ili kuuza gari kuwe kosa lenye jina lake katika sheria, kwa muuzaji kwanza, kisha kwa fundi.

Watatokea wa kutuambia kwamba wanaokufa barabarani kwetu wengi ni waendao kwa miguu na wapanda bodaboda, nao hawana mifuko ya hewa. Ni kweli, na gazeti hili limeyasema hayo na litaendelea kuyasema. Lakini abiria wa teksi atokaye Chang'ombe usiku na mtoto wake naye ana haki ya kujua kama kifaa alicholipiwa Japani bado kipo. Yafaa pia tuseme kwamba mfuko wa hewa hausimami mahali pa mkanda. Asiyefunga mkanda mfuko humpiga badala ya kumpokea. Na mtoto mchanga hawekwi kiti cha mbele.

Kuhusu gereji bubu, hatukubaliani na wale wanaotaka zifagiliwe. Zimefagiliwa mara ngapi Mwananyamala na Keko, na mara ngapi zimerudi wiki ile ile? Wanaofanya kazi humo ni vijana wetu, na ndio wanaotengeneza magari ya wengi, yakiwamo ya baadhi ya maofisa wanaoamuru zivunjwe. Chuo cha VETA kiko Chang'ombe, hatua chache kutoka katika gereji hizo. Taasisi ya Karume iko Mbweni kwa wenzetu wa Unguja. Mafunzo ya jioni ya majuma machache juu ya mifuko ya hewa, pamoja na mashine moja nzuri ya kupimia ambayo mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kuichangia kwa ushirika, yangefanya zaidi ya misako kumi. Yule kijana wa Tandika alituambia kwamba alijifunza kwa kufungua gari lililokuwa limekwisha kugongwa, peke yake, akiogopa. Tulimwuliza angelipa kiasi gani kufundishwa. Alisema angelipa, lakini hajui pa kwenda baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa mchana yuko kazini.